Tari ya Mwanakheri

Hapo zamani, nyimbo zilipokuwa na wenyewe kama minazi ilivyo na wenyewe, palikuwa na mji mlimani, katikati ya mikarafuu. Mji huo ulikuwa na ada yake. Mwimbaji mpya alisimama mara ya kwanza harusini, na wimbo alioimba siku hiyo ukawa wake mpaka kufa. Sauti ikimkatikia katikati, alikaa chini, asisimame tena maisha yake.

Mwimbaji mkubwa wa mji alikuwa Mwanakheri. Akaugua. Siku yake ya mwisho aliitazama tari yake ukutani, akasema, "Tari hii mpeni atakayempatia mwanangu wimbo wake." Kisha akatamka shahada, akaenda kwa Mola wake, tutakakokwenda sote.

Binti yake aliitwa Mgeni. Harusi ambayo angesimama mara ya kwanza ilikuwa karibu, naye alitaka wimbo mmoja tu, ule wa mama yake. Ada ilimruhusu mtoto kuurithi. Akawa anauimba uani, akifua.

Shangazi yake, Bi Mwanamvua, akamsikiliza. "Acha."

"Kwa nini, shangazi?"

"Wimbo wa wifi yangu una mlima, na pumzi zako ni za bondeni. Utafika nusu, utakaa chini."

"Lakini nikiuimba namsikia mama."

"Ndiyo maana nakwambia uache. Unamsikia yeye, hujisikii wewe."

Mgeni alilia siku tatu. Siku ya tatu, baada ya adhuhuri, usingizi ukamchukua juu ya mkeka. Akamwona mama yake ameketi ndani ya ukungu mweupe, karafuu zimeanikwa pande zote hadi macho yanapokoma. "Mama, niimbe upi?" Mama akafungua kinywa. Sauti haikutoka. Ilitoka harufu ya karafuu tu, polepole, kama moshi wa udi. Mgeni alipoamka, harufu ilikuwa ingali chumbani.

Akaenda kwa Bwana Makame, fundi wa gambusi. Kila alasiri alimwimbia wimbo mmoja, na kila alasiri mzee alitikisa kichwa. "Huu unakuburura." Kesho yake, "Huu unakunyonga." Kesho yake tena, "Huu una maneno ya watu wazima. Bado hujayaishi." Siku ya saba akalegeza nyuzi za gambusi, akalegeza tena, akamwambia avume tu, bila maneno. Mgeni akavuma. Mzee akafumba macho.

"Hapa ndipo sauti yako inapokaa, binti yangu. Nyumba tumeiona. Wimbo unaoishi humo ni mmoja tu mjini, na una mwenyewe."

Mwenyewe alikuwa Kidawa, mchuma karafuu. Alikuwa na wimbo huo mmoja, mdogo, wa mvua inyeshayo juu ya makuti.

Kidawa alipomwona mlangoni akacheka. "Uso huo, mwenzangu! Umekuja kuomba chumvi, au umekuja kuomba jicho?"

"Jicho," akasema Mgeni.

Kicheko kikaisha. Katika mji ule aliyetoa wimbo wake hakupewa mwingine. Kidawa akasema, "Chukua. Mimi nitaitikia."

Siku ya harusi Mgeni akasimama. Aliimba chini, taratibu, kama mtu anayezungumza karibu na mtoto aliyelala. Wanawake waliokuwa wakichekeana wakasogea karibu wamsikie. Wengine wakaapa kwamba ubeti wa tatu ulikuwa na sauti mbili kinywani mwa Mgeni. Mungu ndiye ajuaye. Sauti haikukatika.

Baada ya harusi tari ikateremshwa ukutani nyumbani kwa marehemu, akakabidhiwa Mgeni ampe aliyempatia wimbo.

Bi Mwanamvua akasema, "Ni yangu. Nisingemnyang'anya ule wimbo wa mama yake, angekaa chini leo. Nilikubali anichukie."

Bwana Makame akasema, "Kumkataza mtu njia si kumwonyesha njia. Mimi ndiye niliyeitafuta sauti yake ilipojificha."

"Wewe, Makame!" akadakia Bi Mwanamvua. "Wewe ungekaa siku saba kusikiliza hata mlango unaolia!"

"Na siku ya nane mlango ungeacha kulia," akajibu mzee. Watu wakacheka.

Kidawa hakucheka. Akasema kwa sauti ndogo, "Nyinyi mlitoa maneno na siku. Mmerudi nyumbani na vyenu vyote. Mimi nimerudi bila wimbo."

Mgeni akabaki amesimama, tari kifuani, harufu ya karafuu ikimjia asijue inatoka wapi.

Niliyekuwa nikibishana naye juu ya hadithi hii ametangulia, Mungu amrehemu. Yeye alimtaja mmoja, mimi nikamtaja mwingine, na hatukuwahi kuafikiana. Basi niambieni nyinyi mlionisikiliza: lau tari ile ingekuwa mikononi mwenu, mngempelekea nani?