Maji Meupe ya Osmundi

Kifuniko cha sufuria kiligonga gizani, mara moja tu, kisha kikanyamaza. Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi, na mwanga pekee jikoni ulikuwa wa makaa. Binti yangu Lukresia alikuwa amefunua achungulie.

"Mchuzi gani huu wa kijani?" akawanong'oneza kaka zake. "Mimi sili. Kuna kitu wameweka."

Mama mkwe wangu, Bibi Fridolina, alikuwa mkekani akichambua maharage kwa kupapasa. Akasema taratibu, "Maji meupe hayana kitoweo."

Watoto wakataka kujua msemo huo umetoka wapi. Bibi akasogeza ungo pembeni. "Haukutoka mbali," akasema. "Ulizaliwa papa hapa bondeni, na ulizaliwa kwa sababu ya mtu kumshuku shemeji yake. Sikilizeni."

Zamani kidogo, katika milima hii ya Umatengo, alikuwapo mjane kijana aliyeitwa Asteria. Alikuwa na mtoto mmoja, Egno, miguu myembamba kama mabua, nywele zimepauka. Muuguzi wa zahanati alimwambia mama yake wazi: ugali na mboga peke yake havitamwinua mtoto huyu, mtafutie samaki. Lakini ziwa liko mbali, na samaki akifika huku juu amekwisha kuwa mkavu na bei imekwisha kupanda.

Mwaka huo akaja mtaalamu wa uvuvi kuwafundisha watu kufuga samaki kwenye mabwawa. Asteria alikaa mpaka mwisho. Osmundi, kaka wa marehemu mumewe, alisikiliza sehemu ya kuchimba tu. Kuchimba kulipokwisha, naye akawa amekwisha; akaenda zake kunywa pombe ya komoni.

Wakachimba mabwawa mawili kando kando, kwenye shamba la ukoo. Chemchemi ilikuwa moja, na kila mmoja alikuwa na mfereji wake. Wakapanda vifaranga vya perege siku moja, kutoka ndoo moja.

Sasa mtu wa milimani anajua kitu kimoja kuhusu maji: mazuri ni yale yanayotiririka, baridi, maangavu, yale tunayoyaita meupe. Osmundi akauacha mfereji wake wazi usiku na mchana. Maji yaliingia huku yakatokea kule, na ukisimama ukingoni ulihesabu mawe ya chini. Alilipenda bwawa lake. Aliwaleta wageni walione.

Bwawa la Asteria likaanza kubadilika rangi. Kwanza likawa kama maji ya kuoshea mchele, kisha likawa kijani.

Osmundi akaanza kuangalia. Akaona shemeji yake ameziba mfereji wake kwa udongo, anaufungua kidogo tu maji yakipungua. Akaona kwamba kila asubuhi anapita na kikapu kilichofunikwa kwa majani ya mgomba, anakimwaga ndani ya uzio mdogo wa fito kwenye pembe ya bwawa, kisha anaangaza huku na huku kabla ya kuondoka.

"Mtu mwema hafuniki kikapu," akamwambia mkewe.

"Labda ni pumba."

"Pumba zinaangaziwa huku na huku?"

Siku moja akamvizia, akafunua yale majani. Ilikuwa samadi ya ng'ombe. Ndipo akashtuka zaidi, maana huku kwetu samadi ni ya kahawa. Hakuna anayeunyima mti wa kahawa chakula akakitupa majini, ila mwenye wazimu au mwenye lake. Na Asteria alifunika kikapu kwa sababu hiyo hiyo. Alijua watu watasema.

Wakasema. Visimani walinyamaza akifika. Osmundi alikuwa akirusha pumba bwawani kwake anapokumbuka, lakini perege wake hawakukua, na kila jioni alizidi kuamini kwamba shemeji yake anawavuta kwake kwa dawa. Akakataza wanawe wasile chochote cha nyumba ile. Mwishowe akapeleka shauri kwa mama yake, Bibi Skola, ambaye ndiye aliyekuwa na kauli juu ya shamba la ukoo.

"Bwawa lile lifukiwe," akasema. "Nitapanda miche ya kahawa. Anaua maji, kesho ataua watu."

Asteria hakulia. Alimshika Egno mkono, akasema, "Mama, likifukiwa, mwanangu atakula nini? Yafunguliwe mabwawa yote mawili mbele ya watu. Mkikuta sumu, nitaleta jembe mwenyewe."

Jumamosi ukoo wote ukakusanyika ukingoni, na hakuna aliyesimama karibu na Asteria. Kabla ya kutoboa kingo akamgeukia Osmundi.

"Shemeji, zamisha mkono kwenye bwawa lako, mpaka kiwiko."

"Ili iweje?"

"Zamisha tu. Au unayaogopa maji yako?"

Watu wakacheka kidogo. Osmundi akapiga goti, akazamisha.

"Unaona nini?"

"Naona kila kitu. Kiganja, kucha, mpaka mchanga."

"Na samaki wako wanaona hivyo hivyo," akasema Asteria. "Hakuna cha kula. Sasa njoo kwangu."

Osmundi akasita. Bibi Skola akamwambia, "Nenda, baba. Ukifa tutakuzika." Akauzamisha mkono katika maji ya kijani, na kiganja kikapotea kabla ya kiwiko kulowa.

"Ule ukijani ni chakula," Asteria akaeleza. "Ni vijimea vidogo, jicho halivioni kimoja kimoja. Samadi inavilisha, navyo vinawalisha perege. Wewe maji yako yanapita kama mgeni mwenye haraka. Yanaondoka na joto, yanaondoka na chakula."

"Maneno," Osmundi akasema. "Toboeni."

Wakatoboa bwawa lake kwanza. Perege walikuwamo tele, wamezaana, wote wadogo kama vidole, vichwa vikubwa na migongo kama visu.

"Wakubwa wamehamia kwake," Osmundi akasema, ila sauti ilikuwa imepungua.

"Bila kukuaga?" akauliza Bibi Skola.

Wakatoboa la Asteria. Maji yalipopungua, matope yakaanza kupigapiga. Perege wapana kama viganja vya wanaume, weusi, wazito, walirukaruka mpaka wanawake waliosimama mbali wakasogea na vikapu. Bibi Skola akamshika mmoja, akampima mkononi, akamtazama mwanawe.

"Kumbe, Osmundi," akasema, "maji meupe hayana kitoweo."

Asteria akajaza kikapu cha kwanza akampa mke wa Osmundi, kwa ajili ya wale watoto waliokatazwa. Jioni ile nyumba zote mbili zilinukia samaki, na Egno alilala na mfupa mkononi. Msimu uliofuata Osmundi aliziba mfereji wake. Kila asubuhi alipita njiani na kikapu cha samadi, hakukifunika.

Bibi Fridolina akavuta ungo wake tena. Ndiyo maana, akasema, ukiona kazi ya mwenzio ina rangi usiyoielewa, zamisha mkono kwanza ndipo useme. Maji meupe hayana kitoweo.

Nilifunua sufuria. Ndani kulikuwa na perege wa bondeni, waliopikwa kwa majani ya maboga yaliyotwangwa. Nilishika upawa nikasubiri, nisimlazimishe mtu.

Lukresia akasogeza sahani yake karibu na makaa.

"Mama, nipakulie na mimi."