Kaburi la Mvua

Hapo zamani za kale, wanangu, Bi Mbodze alimwambia mumewe, Digidigi, "Hebu nipe hicho kibuyu, nikajaribu mtoni." Digidigi akampa. Hilo ndilo jambo la mwisho la kawaida lililotokea katika nyumba ile.

Mwaka ule mvua za masika zilinyesha siku tatu tu, zikasomba mbegu, zikatoweka. Za vuli hazikuja kabisa. Jioni ya siku ile walimkuta Bi Mbodze kwenye mto mkavu, amekufa kwa kiu, kwato zake zimejaa mchanga wenye unyevu.

Kijiji kizima kikaja mazishini. Tembo na Nyati, wakubwa wa kijiji, walimaliza kaburi kabla jua halijazama. Walichimba vizuri sana.

Matanga yalipokwisha, Digidigi akawaendea.

"Shikamooni, wazee. Mke wangu alifikia unyevu pale mtoni, ila kwato zetu fupi. Njooni mchimbe kisima."

"Kisima? Kwa jua hili?" Tembo akajipepea kwa masikio, pwaa, pwaa. "Kamati ya ukame inakaa, mwanangu. Imekaa miezi mingi sasa. Vuta subira."

"Na mgongo wangu huu!" akaguna Nyati.

Digidigi akaaga. Alipofika hatua kumi akapiga yowe: "Uwiii! Jamani, msiba!"

Wakaruka wote wawili. "Nani tena?"

"Mvua! Nani kamwona tangu masika? Amekufa, amelala mtoni, hajazikwa. Ndiyo maana nchi inawaka!"

"Masikini Mvua!" Tembo akatokwa na machozi. "Mkubwa vile, akose kaburi? Wa vijiji vingine watatuonaje? Jembe langu liko wapi?"

"Na mgongo je, mzee Nyati?"

"Msiba haukataliwi, mjinga wewe!"

Digidigi akawaonyesha kishimo alichokiacha mkewe. "Marehemu alikuwa mrefu," akasema kwa upole. "Chimbeni chini zaidi."

Pu! Pu! Pu! Mchanga ukaruka. Shimo likammeza Tembo mpaka masikioni. Mara, bubu-bubu-bubu! Maji yakawafika magotini.

Nyati akatazama huku na huku. "Sasa marehemu yuko wapi?"

"Mmemkanyaga, mzee."

Nyati akanguruma: "Umetudanganya!"

"Nimewadanganya. Mke wangu aliwaomba kisima miezi mitatu, mkakaa kikao. Alipokufa, mlichimba siku ileile. Nikajua nipite mlango gani."

Wazee wakainamisha vichwa. Walikuwa wanakunywa.

Basi wanangu, jembe lililochimba kaburi lingeweza kuchimba kisima.

Na Digidigi? Kesho yake asubuhi alikijaza kile kibuyu, akapita kando ya kaburi la mkewe bila kumwaga hata tone, akaenda kwa Bibi Kobe, asiyeweza tena kutembea.

"Hodi, bibi," akasema. "Maji."