Vazi Moja la Wodi ya Mwisho

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, ni zamani ambayo vifua vyetu bado vinaikumbuka, gonjwa la mapafu liliingia wilaya moja ya kusini. Hospitali ya serikali ilikuwa na wodi moja ya kuwatenga wagonjwa, na kwa jamaa waliotaka kuingia kuwaona palikuwa na vazi la kinga moja. Moja tu! Likivaliwa leo, hufuliwa kwa dawa, huanikwa, kesho huvaliwa na mwingine. Kila familia na zamu yake.

Aliyelifua alikuwa Somoe. Mama yake, Bi Sijaona, alilala kitanda cha mwisho humo ndani. Siku thelathini Somoe alifua vazi lililotoka alikolala mama yake, na yeye hakuingia hata mara moja. Mikono ilimbabuka. Siku nyingine, kabla ya kulitumbukiza kwenye pipa, alilinusa, jambo alilokatazwa, akitafuta harufu ya mama yake. Alikuta spiriti tu. Alikuwa na hamu naye mpaka chakula kilikuwa hakipiti kooni.

Siku ya thelathini zamu ya familia yao ilifika. Somoe akampa mwanamke mmoja aliyetoka mbali kumuaga mwanawe.

"Ingia, dada," alimwambia. "Mimi ni mtu wa hapa hapa, mama yangu nitamwona tu."

Kulipokucha, Nesi Hidaya akatoka mlangoni.

"Somoe, mdogo wangu, sikufichi. Mama hafiki jioni. Zamu ya leo nawapa nyinyi. Anayeingia aingie sasa, na vazi ni moja."

Baba yake, Mzee Nankumba, fundi cherehani, akasimama.

"Vazi hili nimelishona mimi. Hospitali haikuwa na kitu, nikakata turubai la kibanda changu, tangu hapo nashonea juani. Wameingia waume za watu, wake za watu, kwa turubai langu. Na zamu yetu ya jana, Somoe, umeigawa hata kuniuliza hukuniuliza! Miaka arobaini nimelala chumba kimoja na Sijaona. Nipeni nikamshike mkono."

Somoe akainamisha kichwa. Baba hakusema uongo.

"Baba, nisamehe. Lakini bila mikono hii vazi lako lingeua watu siku ya pili. Nimewafulia wote, wakaingia wote, mimi nikabaki na pipa. Sina la kumwambia mama. Nataka anione tu."

Nyuma yao alikuwa Bi Mwanahawa, dada mkubwa wa mgonjwa. Miaka kumi na miwili yeye na Sijaona hawakusemezana, tangu walipogombana kwenye msiba wa mama yao. Alikuwa amefika asubuhi hiyo, kanga imelowa umande.

"Shemeji, sikushona. Mwanangu Somoe, sikufua. Hata kikombe cha uji sikuleta, na aibu ninayo. Ila muulizeni nesi, mgonjwa anamwita nani."

Nesi Hidaya akatazama chini. "Tangu alfajiri anamwita dada yake. Hamtaji mwingine."

"Mimi je?" Somoe akauliza.

"Jana alikuulizia kutwa nzima. Leo hapana."

Somoe akalikumbatia lile vazi. Lilikuwa limekauka vizuri, lina joto la jua la asubuhi. Angeweza kulivaa palepale, na nani angemvua? Baba yake akanyoosha mkono. Mama yake mkubwa hakunyoosha, alikuwa analia. Na kutoka ndani, kwa sauti ndogo mno, wote watatu wakasikia: "Dada! Dada!"

Haya, nyie mnaotafuna karanga hapo nyuma mkijifanya mahakimu, na wewe unayejifuta macho kwa pindo la kanga: yuko aliyelishona, yuko aliyelifua, yuko anayeitwa. Msinijibu kwa pupa, lakini msikawie pia, maana Bi Sijaona hakuwa na siku nyingine. Je, lile vazi lilikuwa haki ya nani?