Mlaji wa Chumba cha Cherehani

Kitendawili, wajukuu. Nina mgeni asiye na mdomo, anakula mchana kutwa na usiku kucha, mgongo wake moto, tumbo lake baridi. Msiniambie "twaa mji" upesi. Yuko fundi cherehani mmoja aliyeshinda naye chumba kimoja asimjue.

Fundi huyo majirani walimwita Waziri wa Swichi. Nyumba za ua wao zilikuwa zikishindana kupunguza moshi ambao kila moja huutupa hewani, na mshindi angepewa jiko la jua. Fundi alilitamani jiko hilo kama mgonjwa atamanivyo nafuu, maana kila mkewe alipopuliza mkaa, kikohozi kilimkunja mgongo.

Basi vita vikaanza. Taa ikisahauliwa, Waziri yuko mlangoni.

"Mnawamulikia mende?"

Mkaa ukapungua, lakini umeme haukushuka hata chembe.

"Baba, umeme wetu unatoka kwenye mitambo ya makaa ya mawe," binti yake akasema. "Moshi wa kule nao ni wetu, hata kama hatuuoni."

"Tunaibiwa. Fundi viatu hapo ukuta wa pili katuunganishia waya."

Mkewe akacheka mpaka akakohoa. "Usimpakazie mtu, baba watoto. Tuzime kila kitu kwanza."

Wakazima taa, pasi, redio, cherehani, hata feni. Wote watatu wakaikodolea mita macho. Kitaa chake chekundu kiliendelea kukonyeza.

"Haya, Waziri," mkewe akauliza, "nani anakula?"

Binti alikwisha kuchomoka kama mshale, akifuata waya chumba hadi chumba.

"Baba, njoo uone."

Alikuwa ameinua rundo la nguo za wateja juu ya meza ya kukunjia. Kumbe si meza. Ni jokofu kuukuu. Fundi alilichomeka siku moja ya joto apoze maji ya kunywa, kisha akalitandikia kitambaa na kulisahau. Likinguruma, alidhani ni cherehani. Ndani mlikuwa na chupa moja tu, maji yake yamegeuka jiwe.

"Ndilo lililokuwa likikichemsha chumba," binti akasema, "na wewe ukaliwashia feni."

Mkewe akalichomoa mwenyewe. Mita ikafumba jicho, naye akacheza palepale na upawa mkononi.

Siku ya kupima, hakuna nyumba iliyoifikia yao. Jiko la jua likawekwa uani, sufuria ikatokota pasipo moshi, na mke wa fundi akapiga vigelegele virefu asikohoe.

Fundi viatu akamsogelea mumewe. "Waziri, nasikia mlikuwa na mlaji. Tuambie basi, nani alikuwa anakula?"

Mkewe akamtazama. Fundi cherehani akamshika jirani yake mkono.

"Nilisema ni wewe, ndugu yangu. Kumbe nilikuwa namlisha mwenyewe, chini ya nguo nilizozikunja kwa mikono yangu. Kikulacho ki nguoni mwako."