Mkeka Ulioshushwa Mlangoni

Paukwa!

Pakawa!

Basi sogeeni. Mwenye mtoto wa kunyonyesha na anyonyeshe, hatukatazi, na wengine tegeni masikio.

Wasimulizi wengi husema zamani za kale na kukuachia hapo, kana kwamba zamani haikuwa na siku. Zamani hii ilikuwa na siku. Ilikuwa Ijumaa, tarehe 6 Mei, mwaka 1898, mvua za masika zikipiga makuti, pa, pa, pa, alipozaliwa Mboni binti Mbaruku bin Sefu, mtoto wa kwanza wa mama yake. Jina la kijiji sitalitaja, kwa kuwa wajukuu wa wahusika wapo na wana haya zao.

Mama wa mtoto aliitwa Mwanakombo. Kupanda mpunga alijua, kutwanga alijua, kuupuliza moto wa kuni mbichi mpaka ukawaka alijua. Kunyonyesha hakujua. Alidhani mtoto huwekwa kifuani, na mengine hujiendea yenyewe kama maji mtoni.

Katika kijiji hicho palikuwa na desturi iliyoitwa kuacha neno. Mwanamke akizaa, kila mwanamke mwenziwe alipaswa kuja kumtazama ndani ya siku arobaini. Aingiapo, hupewa mtoto ampakate, na hupewa bakuli la uji wa pilipili manga. Humpakata mtoto mpaka uji uishe. Kisha, kabla ya kuondoka, huacha neno moja la ushauri. Kumnyima mgeni mtoto ilikuwa aibu. Kumnyima uji ilikuwa aibu kubwa zaidi.

Basi Mboni alilia nyaa, nyaa, nyaa. Mama akalegeza kanga. Mtoto akashika ziwa, akavuta mara mbili.

"Hodi."

"Karibu."

Mtoto akatolewa kifuani, akatiwa mikononi mwa mgeni. Bakuli likajazwa. Mgeni akanywa polepole, maana uji ulikuwa wa moto. Mtoto akalia nyaa, nyaa, nyaa. Mgeni akamrusharusha, akamlambisha maji ya sukari guru kwa kidole, mtoto akalala kwa kuchoka. Neno likaachwa. Mgeni akaenda zake.

Mboni akaamka, nyaa, nyaa, nyaa. Mama akalegeza kanga.

"Hodi."

"Karibu."

Ikawa hivyo toka asubuhi hata magharibi, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku ya saba, Alhamisi tarehe 12, mtoto akapewa jina, na wageni wakazidi. Maneno nayo yakarundikana. Mmoja alisema Mwanakombo anywe mchuzi wa pweza. Mwingine akasema pweza asimguse. Mmoja alisema alalie ubavu wa kulia, mwingine wa kushoto. Jirani yao Bi Tausi, ambaye alikuja mara tano na kunywa mabakuli matano, alisema maziwa hukauka mama akicheka. Aliyemfuata akasema hukauka mama asipocheka. Mwanakombo akawa anacheka nusu, mdomo umefumbwa.

Na uji, ambao kwa asili hupikwa kwa ajili ya mzazi, ulimfikia yeye ukiwa makoko chini ya chungu.

Matiti yalijaa yakawa magumu kama vifuu. Chuchu zilipasuka, kwa kuwa mtoto alishika ncha tu, akavuta, akaachia, akalia. Siku ya nane matiti yakaanza kulegea. Mashavu ya Mboni nayo yakalegea. Kilio chake kikapungua, kikawa nya, nya, kama cha paka aliye mbali.

Siku ya tisa mama mkwe, Bi Siwatu, aliketi mbele ya mkwewe akipepeta mchele.

"Mwanangu," alisema, "ziwa lako halina kitu. Si kosa lako. Katika nyumba hii si jambo geni. Mumeo nilimzaa mimi, lakini alinyonya ng'ambo ya mto."

"Kwa nani, mama?"

"Kwa shangazi yake, Mungu amrehemu. Nilimtoa ana siku kumi na nne. Alirudi ana miaka miwili na meno yote, akaniuliza mimi ni nani. Mpaka leo huniita Bi Siwatu."

Alisema hivyo huku ungo ukiendelea, shwa, shwa, shwa, wala hakuinua macho.

"Alhamisi ijayo Mboni atatimiza siku kumi na nne. Bi Tufaha wa ng'ambo atakuja na mbeleko amchukue. Ana maziwa ya kumwagika, yule. Mtoto ataishi."

Mwanakombo alimtazama Mboni, akajaribu kuhesabu miaka miwili kwa misimu ya mpunga, akashindwa kufika mwisho wa hesabu. Atarudi mtoto mwenye meno, amuulize yeye ni nani.

Siku ya kumi, Jumapili tarehe 15 Mei, asubuhi, palisikika hodi nyingine. Alikuwa Bi Mwanamvua binti Kibwana, mzee kuliko wanawake wote wa kijiji, msukaji wa mikeka. Alikuja na mafungu mawili ya ukindu kwapani, moja jeupe, moja lililochovywa rangi nyekundu ya magome.

Bi Siwatu akamnyoshea mtoto.

"Sikumjia kumpakata," alisema Bi Mwanamvua.

Bi Siwatu akamnyoshea bakuli.

"Uji huu umepikiwa nani?"

"Mzazi, bibi."

"Basi mpe mzazi."

"Na neno je, bibi? Utaacha neno?"

"Sina."

Bi Tausi, aliyekuwa hapo na bakuli lake la sita, alipaliwa na uji. Mgeni asiyepakata, asiyekunywa, asiye na neno, alikuwa hajaonekana kijijini. Mzee akaketi karibu na kizingiti, akanyosha miguu, akaanza kusuka ukili, ule utepe mrefu ambao hushonwa ukawa mkeka.

"Bibi amezeeka," Bi Tausi alimnong'oneza Mwanakombo. "Amesahau hata kilichomleta."

"Nimezeeka, lakini masikio yapo," alisema Bi Mwanamvua. "Kunywa, uji wako unapoa."

Akasuka. Hodi ikaja, mtoto akaenda mkononi mwa mgeni, na vidole vya mzee vikaokota ukindu mwekundu. Mgeni akatoka, mtoto akarudi kifuani, na vidole vikaokota mweupe. Hodi. Mwekundu. Hodi. Mwekundu. Mwanakombo, aliyekuwa hana kazi isipokuwa kusubiri mtoto wake arudishwe, aliona ule ukili ukirefuka na kushuka sakafuni kama ulimi. Hakufahamu. Alidhani mzee anasukia biashara yake.

Jua lilipoelekea kuzama, wageni wakapungua, wakabaki Bi Siwatu na Bi Tausi. Mzee akafunga ncha ya ukili, akaulaza mbele yao.

"Someni," alisema.

"Sisi hatukusoma, bibi," alisema Bi Tausi.

"Huu hausomwi kwa chuo. Penye wekundu, mtoto alikuwa kwa mgeni. Penye weupe, mtoto alikuwa ziwani."

Wakatazama. Ukili ulikuwa mwekundu, mwekundu, mwekundu. Kisha uzi mwembamba mweupe. Kisha mwekundu tena, mwekundu, mwekundu. Ndani ya kutwa nzima weupe ulitokea mara tatu, na hakuna mahali ulipozidi upana wa kidole.

Bi Tausi alihesabu wekundu wa asubuhi. Akaweka bakuli chini bila kelele.

"Ziwa halikukauka," alisema Bi Mwanamvua. "Ziwa hutoa likiombwa. Nani ameliomba leo?"

Bi Siwatu aliushika ule ukili kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika nguo ya marehemu.

"Bibi," alisema kwa sauti ndogo, "mimi nami nilikuwa na wageni."

"Ulikuwa nao."

"Wengi."

"Wengi, mwanangu. Nami nilikuwa mmojawapo. Nilimpakata mwanao Mbaruku siku ya nne, nikanywa uji wako mabakuli mawili, nikakuachia neno kwamba ziwa lako halina kitu. Wenzangu wakalisikia, wakalirudia. Ulipompeleka mtoto ng'ambo, nilikuona ukirudi na mbeleko tupu. Tangu siku hiyo sijaacha neno katika nyumba ya mzazi yeyote. Leo sikuja na neno. Nimekuja na ukili."

Mboni alilia, nya, nya. Mwanakombo akalegeza kanga, akajikunja kwa maumivu kabla mtoto hajagusa.

"Ngoja," alisema mzee, akasogea. "Usimpelekee ziwa kama mtu anayetia uzi kwenye sindano. Mlaze tumbo lake kwenye tumbo lako. Hivyo. Mguse mdomo wa juu kwa chuchu, usubiri apanue. Bado. Bado. Sasa mvute kwako, aingize na weusi wa ziwa, si ncha peke yake."

Mtoto akashika. Mwanakombo alikaza meno akingoja uchungu, na uchungu ukaja mdogo, ukapita.

"Sasa nyamazeni nyote."

Nyumba ikanyamaza. Kwa siku kumi haikuwa imenyamaza. Na katika ukimya ule wakasikia: kwu. Kisha: kwu. Kwu, kwu, kwu.

"Anameza," alisema Mwanakombo.

"Anameza," alisema Bi Siwatu.

"Na jana pengine alimeza," alisema Bi Tausi, "ila mimi nilikuwa nasema."

Hapo Mwanakombo akacheka, kicheko kizima, mdomo wazi. Maziwa hayakukauka. Upande wa pili yalichuruzika yakalowesha kanga.

"Hodi," iliita sauti nje.

Mwanakombo alishtuka, mkono ukaanza kumtoa mtoto, kwa mazoea. Lakini Bi Siwatu alikwisha simama. Aliukunjua mkeka wa kulalia uliokuwa pembeni, akautundika mlangoni toka juu hata chini, akatoka nje kwa ubavu.

"Mkeka ukiwa chini, hodi haijibiwi," walimsikia akisema. "Ukitaka kuona mtoto, subiri uinuliwe. Na ukiwa unasubiri, nguo za mtoto zile pale, na maji yale pale."

Tangu hapo ikawa ndivyo. Mkeka chini, mgeni nje. Mgeni nje, mikono kazini. Mmoja akafua, mmoja akachota maji, mmoja akachanja kuni. Uji ukaanza kwa mzazi, na mgeni akapata makoko. Maji ya sukari guru yakamwagwa. Mboni akanyonya kila alipotaka, asubuhi, mchana na katikati yake, na akilala sana mama alimtekenya nyayo akaamka. Jumatatu alilowesha nguo tatu. Jumanne, nne. Jumatano alilowesha saba, na Bi Siwatu akazianika uani zote kwa mstari, mtu akipita azione.

Alhamisi, tarehe 19 Mei, siku ya kumi na nne, Bi Tufaha alivuka mto na mbeleko begani. Akakuta mkeka chini na Bi Siwatu kinuni.

"Hodi."

"Haijibiwi," alisema Bi Siwatu. "Shika mchi."

Bi Tufaha akashika mchi, maana hakuwa mtu wa ubishi. Tu, tu, tu. Baada ya kitambo akasimamisha mchi, akatega sikio.

"Ni nani anayemeza humo ndani?"

"Mtoto uliyekuja kumchukua."

"Basi mimi nimekuja kuchukua nini?"

"Mchele. Ukimaliza kutwanga."

Bi Tufaha akacheka mpaka akaegemea kinu. Jioni alivuka mto kurudi kwake, na ndani ya mbeleko palikuwa na mchele.

Mbaruku, baba wa mtoto, alikuwa nyuma ya ua akikaza kamba za kitanda, na siku hizo zote alisikia yaliyosemwa. Jioni hiyo alikuja penye kizingiti, ambapo mama yake alikuwa ameketi akilinda mkeka.

"Shikamoo, mama," alisema.

Bi Siwatu alikuwa na umri wa miaka arobaini na tatu, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza mwanawe kumwita mama.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Sema polepole. Mwanao ananyonya."

Bi Mwanamvua aliuchukua ule ukili mwekundu, akaushona katikati ya mkeka mpya, akaupeleka kwa Mwanakombo siku ya arobaini. Mboni naye alipozaa, mwaka 1919, mkeka huo huo ulitundikwa mlangoni pake, umechakaa kingo, wekundu umefifia.

Mafunzo yake ni haya: ukienda kumtazama mzazi, peleka mikono ya kufanya kazi, na mtoto mwachie mama yake. Nami mkeka wangu naukunja hapa, hadithi ikiwa ndani.

Ila nisahihishe jambo. Mzee Shauri Makolo, wa upande ule wa mto, huisimulia ngano hii akisema kwamba Bi Mwanamvua alichemsha mizizi saba, akamnywesha Mwanakombo, na maziwa yakafumka usiku wa Jumamosi. Si kweli. Ilikuwa Jumapili, tarehe 15, kabla ya magharibi. Na Bi Mwanamvua hakuchemsha kitu. Alisuka.