Do ya Mwalimu Gwakisa

Mtu mmoja alikuwa na tarumbeta, na watu kumi na mmoja walikuwa wakimfuata. Jina lake Gwakisa, nao walimwita Mwalimu, kwa sababu ndiye aliyetoa do kabla ya kila wimbo. Anapuliza sauti moja, wenzake wanaweka vyombo vyao sawa na yake, wanaanza. Mazishi, harusi, kipaimara, hakuna kilichoanza bila do ya Mwalimu.

Sasa sikilizeni vizuri. Miaka kumi na minne nyuma, wakiteremka na jeneza kwenye utelezi, Gwakisa alianguka na tarumbeta likapinda. Akalipeleka kwa fundi wa masufuria. Fundi akalichomea, likapona, ila kile kijibomba kinachosukumwa ndani ili sauti ipande kikagandia nje. Tangu siku hiyo do ya Mwalimu ikawa chini kidogo. Yeye alilisikia hilo siku ileile. Akasema moyoni atalirekebisha baada ya Pasaka. Hakusema Pasaka ya lini. Wenzake wakavuta vijibomba vyao nje ili walingane naye, wakalingana, na kijiji kizima kikawasifu kwa kupatana.

Wakaalikwa kushindana ng'ambo. Zawadi ilikuwa matarumbeta mapya kumi na mawili, na shida walikuwa nayo kweli. Tusekile, mama mjane apigaye besi, chombo chake kilizibwa tundu kwa mpira wa baiskeli, akipuliza hadi kifua kinamuuma. Wakapanda ndege, wakafika. Sharti lilikuwa moja: kila bendi ipige pamoja na kinanda kikubwa cha ukumbi.

Siku ya mashindano, kabla ya kuanza, wakaruhusiwa kujaribu. Kinanda kikatoa do. Gwakisa akatoa yake. Lo! Zikagombana kama paka wawili ndani ya gunia. Gwakisa akasema kinanda chao ni kibovu. Wakarudi kwenye benchi, na hakuna aliyetulia: huyu anafuta chombo kilichokwisha kung'aa, huyu anakwenda chooni mara ya nne. Ikajaribu bendi nyingine, ikalingana na kinanda. Ikaja ya pili, ya tatu, zote zikalingana. Ndipo Tusekile akamwinamia Gwakisa sikioni.

"Mwalimu, unisamehe. Dunia nzima imekosea, ila fundi wa masufuria ndiye aliyepatia?"

Dawa ilikuwepo, tena nyepesi. Wale kumi na mmoja wasukume vijibomba ndani, na Gwakisa aweke tarumbeta lake chini, asimame awaongoze kwa mkono. Kazi ya dakika mbili! Wote wakamtazama wasikie neno. Neno halikuja. Hakusema sukumeni, hakusema acheni. Alilikumbatia tarumbeta lake, akatazama viatu vyake mpaka wakaitwa jukwaani.

Basi kila mtu akajiamulia. Tusekile na wanne wakasukuma, wakafuata kinanda. Sita wakamwogopa Mwalimu, wakabaki naye. Miaka kumi na minne walikuwa wamekosea pamoja. Siku ile, mbele ya ukumbi uliojaa, hata huo umoja ukawatoka. Sauti iliyosikika siwezi kuwaeleza, inaniuma hata kuisimulia. Wenyeji walikuwa wapole, wakapiga makofi ya huruma, na afadhali wangezomea. Matarumbeta mapya wakapewa wengine.

Tusekile bado anapuliza lile lenye mpira. Jumapili iliyopita alikohoa wimbo mzima, na Gwakisa alikuwa amesimama mbele yake, akitoa do ileile.

Na nyinyi msinitazame hivyo, kana kwamba nasema habari za wapiga tarumbeta. Kila aliyeketi hapa ana watu wanaotega sikio kwake: nyumbani, kazini, hata humu kanisani. Tarumbeta lile halifiki kilo mbili. Niambieni basi, ni uzito gani uliomshinda Gwakisa kuliweka chini?