Nungunungu Aliyekataa Kusaga Mbegu

Paukwa!

— Pakawa!

Hee, mnaitikia kama waliolala na njaa! Paukwa!

— Pakawa!

Naam, sasa mko macho. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakilima na kupika kama sisi, palikuwa na mji bondeni. Katika mji huo alikuwako Bi Nungunungu, mwoka mikate. Kila nyumba ilipeleka mtama wake kwenye ghala la mji, naye aliusaga, akaukanda, akauoka. Mji mzima ulikula kwa mkono wake. Ngiri alikula. Mama Digidigi na wanawe walikula. Hata Tumbili, ambaye kazi yake ilikuwa kusema watu, alikula.

Sasa sikilizeni desturi ya mji ule. Sinia la mwoka mikate lilitakiwa lijae mpaka jua lizame. Likiwa tupu, watu walicheka: kafilisika huyo! Tena mkate uliolala haukuliwa. Kumpa mtu mkate wa jana ilikuwa sawa na kumtukania mama yake.

Basi Bi Nungunungu alioka, akazidisha, akaoka tena, huku akiimba:

*Jaa sinia, jaa jaa,*
*watu wasinione nina njaa.*

Jua likizama, mikate iliyobaki alijitwika, akaenda korongoni, akaitupa. Pu! Kesho akaoka tena. Jioni, pu! Kesho kutwa, pu!

Mwaka mmoja mvua ikagoma. Mtama ukapungua ghalani, ukapungua, mpaka sakafu ikaanza kuonekana. Pembeni palikuwa na mtungi mkubwa uliozibwa kwa udongo. Humo mlikuwa na mbegu za kupanda.

Nyati, mkuu wa mji, akaja ghalani.

"Bi Nungunungu, mtama huu ukiisha, saga mbegu."

"Tukisaga mbegu, mkuu, tutapanda nini? Makapi?"

"Watoto wanalia leo, Bibi. Mvua ni habari ya kesho."

"Basi uniache mpaka mtama uishe."

"Na ukiisha?"

"Utasaga mwenyewe. Mimi mbegu sisagi!" Miiba yake ikalia, chwa-chwa-chwa.

Jioni ile akajitwika mikate iliyobaki, akaenda korongoni kama kawaida. Lakini leo hakutupa. Alisimama, akatazama. Lo! Lundo la mikate lilikuwa limefika kiunoni. Juu ukungu, chini funza. Mtama wa mji ulikuwa pale, umesagwa, umeokwa, umeoza. Wahenga walisema akiba haiozi. Ya Bi Nungunungu ilinuka mpaka ng'ambo ya bonde.

Aliona aibu. Kisha akapandwa na hasira, tena hasira ya kujikasirikia.

"Njaa hii nimeipika mimi," akasema. "Basi mimi ndiye nitakayeiepua."

Akageuka na mikate yake kichwani. Njiani akabisha kila mlango: "Hodi! Kesho mtakula mingapi hapa?" Kila nyumba ikamjibu. Alipofika kwake, akaikata ile mikate vipande vyembamba, akavianika juu ya tanuri lenye joto. Alfajiri vilikuwa vikavu, vinavunjika kacha-kacha. Akavitia kinuni. Twa! Twa! Twa! Vikawa chenga. Akachanganya chenga na unga mpya, akakanda, akaoka mikate ile tu waliyoitaja.

Jua likiwa bado juu, sinia likawa tupu.

Nani aliliona kwanza? Tumbili!

"Njooni muone! Bi Nungunungu kafilisika! Sinia halina hata punje!"

Watu wakaja, wakacheka. Masikio ya Bi Nungunungu yakawaka moto. Alitamani kulifunika sinia kwa kitambaa. Hakulifunika. Alilitoa nje, akaliweka mlangoni, kila apitaye alione.

"Sinia tupu ndiyo, lakini leo nani kalala njaa?" akauliza. "Tena niwaambie kabisa, mkate mliokula leo ndani yake mna mkate wa jana."

Ngiri alikuwa akitafuna. Ptu! Akatema.

"Umenilisha kiporo? Umenitukana, wewe mwanamke!"

"Nimekulisha, Mzee Ngiri. Tumbo lako limelalamika?"

Ngiri akajipapasa tumbo. Alikuwa ameshakula mitatu.

Mama Digidigi akasogea mbele. "Wanangu wameshiba leo," akasema. "Asiyetaka kutukanwa na akae na njaa yake. Mimi, dada, nitukane tena na kesho!"

Watu wakaangua kicheko, na safari hii hawakumcheka Bi Nungunungu. Ngiri akainama kukiokota kipande chake. Siafu walikuwa wamemtangulia.

Bi Nungunungu akawaongoza wote mpaka korongoni. Walipoliona lundo, kicheko kikakatika. Hata Tumbili aliziba pua.

"Iliyooza hailiwi," akasema Bi Nungunungu. "Ila shamba linaila. Shikeni majembe."

Wakaibeba ile mikate iliyooza, wakaifukia shambani. Tangu hapo sinia likawa tupu kila siku mapema, wala hakuna aliyecheka. Kipande kilichobaki nyumbani kwa mtu kililetwa kwake, akakianika, akakitwanga chenga, akazitia kikapuni. Mtama ukaenda polepole. Hata hivyo, mvua ilichelewa. Mtama ukaisha.

Nyati akaja na jiwe la kusagia begani. Bi Nungunungu alikuwa amesimama mbele ya mtungi, miiba imesimama yote.

"Siku imefika, Bibi. Nipishe."

"Sikupishi! Nina kikapu cha chenga. Leo mji unakunywa uji wa chenga. Kesho pia. Chenga zikiisha, ndipo uje."

Nyati akaitazama ile miiba. Akarudi zake.

Wakanywa uji mwepesi. Kesho yake mwepesi zaidi. Kikapu kilipobaki cha kukung'uta tu, ngurumo ikalia: ngu-ru-ngu-ru-nguuu! Mvua ikashuka.

Nyati akaja tena ghalani, mbio, ameloa chepechepe, na mikononi hana jiwe. Akapiga magoti mbele ya mwoka mikate.

"Bi Nungunungu, tafadhali. Nipe mbegu nikapande."

Bi Nungunungu akauvunja udongo wa mtungi. Mbegu zilikuwa zimejaa mpaka mdomoni. Akaangua kilio mbele ya watu wote, huku akiwachotea.

Basi, wadogo kwa wakubwa, mafunzo ni haya: pika kinacholiwa, kilichobaki kipe kazi nyingine, wala usione haya kwa sinia tupu. Aibu ni kutupa chakula kisha kuisingizia mvua.

Hadithi yangu imekomea hapo. Aliyeisikia akamsimulie aliye jikoni.